Chewa wa Nshoma

Jiwe lenyewe halikuwa jiwe. Lilikuwa sementi iliyofinyangwa ikapakwa rangi ili samaki wajione wako kwao, na fundi aliyelisimamisha aliniapia kwamba litadumu kuliko sisi sote. Lilianguka asubuhi wakati wa kulisha, likamchana chewa wa tangi la nne kuanzia nyuma ya shavu hadi karibu na mkia. Nilipofika, maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai, wafanyakazi wamesimama mikono kichwani, na kipaza sauti kilichofungwa juu ya tangi kinasema kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, "Mama, leo tunakula nini?"

Sauti hiyo ni ya binti yangu, Nshoma. Alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya asubuhi hiyo.

"Leo wali," nikamjibu huku navua viatu. "Wali na maharage."

"Kila siku maharage!"

"Ndiyo. Kila siku maharage."

Nikawageukia wafanyakazi nikawauliza kama wanangoja jiwe la pili lianguke. Ndipo wakachangamka, wakaleta machela ya turubai na dumu la dawa ya usingizi.

Chewa yule alikuwa mzito kuliko mume wangu, na mume wangu si mtu mwembamba. Samaki mkubwa hatumchomi sindano ya usingizi. Tunamimina dawa kwenye maji anayoyavuta, tunangoja alegee mpaka alale ubavu. Kadiri anavyolegea ndivyo sauti inavyofifia. Nshoma alianza kunisimulia habari za mwalimu wake wa hesabu, akaishia katikati. Tukamwinua samaki hadi kwenye meza ya sifongo, tukamfunika macho kwa kitambaa kilicholowa, tukamtia mpira mdomoni ili maji yapite kwenye matamvua yake muda wote, maana samaki akiwa mezani anakufa kwa hewa jinsi sisi tunavyokufa kwa maji.

Nilitoa chembe za sementi moja moja kwa koleo. Nikakata nyama iliyopondeka, nikashona tabaka la ndani, nikashona la nje, nikapaka dawa nzito isiyotoka majini. Nilishona vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa haikusaidia kitu.

Wageni hushangaa kukuta samaki wa baharini hapa Tabora, kwenye vumbi letu. Chumvi inatoka Uvinza kwa treni, maji yanatoka bwawani, tunachanganya wenyewe. Jumba la Sauti lilijengwa huku kwa sababu pwani bahari imepanda na majengo ya namna hii hayana tena pa kusimama. Na samaki wametumika kwa sababu ubongo wao unaota chembe mpya mpaka siku wanapokufa, jambo ambalo wetu hauliwezi. Kipande cha ubongo wa marehemu, kile chenye maneno yake, kikipandikizwa humo kinapata majirani wapya kila siku na hakinyauki. Kwenye mashine kilikuwa kinanyauka kabla hata ya arobaini. Sisi wa kazi hii tunakiita mbegu. Mbegu haijifunzi jipya. Ina yale aliyoyajua mwenyewe mpaka mwisho, na inayatoa kadiri inavyoguswa. Sheria inasema mbegu si mtu, lakini sheria haijawahi kuulizwa leo tunakula nini.

Kuna kanuni nyingine kwamba daktari asimtibu samaki mwenye sauti ya ndugu yake. Ni kanuni nzuri sana, ila daktari wa samaki Tabora nzima ni mimi peke yangu.

*

Kidonda kiliharibika wiki iliyofuata. Nyuzi zilishika, nyama haikushika. Kingo ziligeuka kijivu zikaanza kumomonyoka, na kila asubuhi nilikuta vipande vimeelea karibu na kichujio. Nilipunguza chumvi ya maji ili mwili wake usikauke kupitia lile jeraha. Nilibadilisha dawa, nikabadilisha tena. Chewa alijiegemeza kwenye kona ya tangi, ubavu mbovu umeelekea ukutani, akawa hataki kula.

Nilikuwa na bomba la sindano mkononi niliposikia kipaza sauti kinasema, "Mama, inauma. Nigeuze."

Nililiweka bomba chini, pale pale penye maji.

Nshoma alikufa kwa ugonjwa wa mifupa ya mgongo. Siku zake za mwisho hospitalini hakuweza kujigeuza kitandani, na maneno hayo mawili, inauma na nigeuze, ndiyo karibu yote aliyobaki nayo. Kwa miaka miwili ya jumbani hakuwahi kuyasema. Alidai chakula, aliimba nyimbo za shule, aliwasema vibaya walimu. Nilidhani yale ya mwisho hayakuingia kwenye mbegu, nikamshukuru Mungu. Kumbe yalikuwemo, yalikosa tu kitu cha kuyagusa.

Toka siku hiyo aliyasema asubuhi na mchana. Aliyasema katikati ya wimbo, kisha akaendelea na wimbo.

Mume wangu, Mihayo, anafundisha jiografia. Kila siku akitoka shule alikuja moja kwa moja jumbani na tai yake shingoni, akavuta kigoda hadi kwenye kioo, akaongea na mwanawe mpaka jioni. Watu wa mtaani walikuwa wanamwonea wivu, eti ni baba gani anayeongea na binti yake kila siku hivyo. Siku aliyosikia maneno yale alisimama mbele ya kioo na mkoba wake begani.

"Anaumwa," akaniambia.

"Samaki anaumwa, Baba Nshoma. Maumivu yake yanagusa mbegu, na mbegu inatoa neno lililo karibu."

"Kama ni ya samaki, mbona anasema nigeuze? Samaki anajigeuza mwenyewe."

Nilimweleza nilichokuwa nacho, yaani dawa moja tuliyokuwa hatujaijaribu. Inaitwa Chipua. Ukiisambaza kwenye kingo za kidonda, mwili wa samaki unaamka kama wa kifaranga, unaotesha nyama, ngozi, magamba, mpaka kovu huli­oni. Lakini Chipua huuambia mwili ujenge kilicho chake na kuondoa kisicho chake. Na kwenye mwili ule kulikuwa na kitu kimoja tu kisicho chake.

"Hamwezi kuihamisha mbegu kwanza?"

"Imeshaota mizizi. Nikiing'oa nitang'oa vipande."

"Na bila hiyo dawa?"

"Atajikongoja. Chewa ni wagumu kufa. Pengine mwezi."

"Mwezi," akasema, kama mtu aliyepewa zawadi.

"Ataoza akiwa hai mwezi mzima. Na huyu atakuwa anasema hivi hivi."

"Mama Nshoma, mwezi ni mwezi." Akakaa kwenye kigoda chake, akaweka kiganja kwenye kioo. "Vumilia mwanangu, baba yupo."

"Baba, nigeuze."

"Baba yupo."

Ningeweza kusema kwamba nilimwona katili, lakini ningekuwa naongopa. Mwezi ule hata mimi niliutaka. Niliutaka kama mtu anavyotaka maji, na kila nilipomsogelea samaki na bomba langu la dawa ya maumivu, ambayo ilimtuliza kidogo tu, nilijikuta nahesabia kichwani siku ambazo bado ningemsikia akilalamikia maharage. Ila mimi ndiye niliyeona kile kidonda kwa ndani. Nilijua mnyama yule hana kosa lolote kwetu. Hakuomba kubebeshwa mtoto wa watu.

Kanuni ya jumba ni kwamba sauti haizimwi mpaka wazazi wote wawili watamke mbele ya tangi kuwa wamekubali. Nilitamka siku ile ile, Mihayo akiwa anasikia, mhudumu akiwa shahidi. Mihayo hakutamka. Akahamishia madaftari ya wanafunzi wake pale kwenye kigoda, akawa anasahihisha huku akisema "baba yupo" kila sauti inapolia.

*

Kwetu msiba hauishi mpaka tanga lianuliwe. Ndugu wanakaa, watani wanatania mpaka wafiwa wacheke hata wasipotaka, kisha jivu la moto wa msibani linazolewa na kila mtu anarudi kwake. Sisi wenye sauti jumbani hatuanui. Tutaanuaje, na marehemu anauliza chakula? Nshoma tulimzika, ndiyo, lakini jirani yetu Chaurembo alipotokea siku ya maziko, kajifunga khanga kifuani na mwiko mkononi, Mihayo alimfungia mlango. "Hapa hakuna msiba," alimwambia. "Mtoto anahamishwa tu."

Chaurembo ni fundi cherehani, Mzaramo aliyehamia huku na wenzake bahari ilipowatoa. Sisi Wanyamwezi ni watani wake. Kabla ya siku ile hakupita mlangoni kwetu bila kutuita watumwa wake, na sisi hatukumwacha apite bila kumwuliza kama huko kwao kuna kitu kinacholiwa zaidi ya muhogo. Baada ya siku ile alitusalimia kwa adabu kama mgeni, miaka miwili, shikamoo na marahaba. Mtani akikuheshimu ujue mambo yameharibika.

Nilikwenda kibandani kwake mchana, akiwa anapindia suruali.

"Mtani," nikamwambia, "tuna msiba."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. Lile neno lilikuwa halijatoka kinywani mwangu tangu Nshoma afe.

"Nani amefiwa?" akauliza, ingawa alijua.

"Sisi. Mihayo na mimi. Tumefiwa na mtoto."

Hakunipa pole. Alikunja ile suruali vizuri, akaiweka kando, akaniuliza kama nyumbani kuna kikaango kikubwa.

*

Kesho yake Mihayo alikuwa kwenye kigoda, kalamu nyekundu mkononi, Chaurembo alipoingia. Alikuwa amejifunga khanga kifuani, kichwani amevaa kofia ya sufu ya Nshoma niliyompa pamoja na kikaango. Mkono mmoja ameshika kikaango changu, mwingine mfuko wa ndimu na nazi. Wahudumu walitaka kumzuia nikawaashiria wamwache.

"Watumwa wangu hamjambo?" akasema kwa sauti kubwa. "Nimesikia kuna msiba mmenificha miaka miwili. Nyinyi Wanyamwezi ni wachoyo hata wa kilio!"

"Chaurembo, toka," Mihayo akasema.

"Sitoki. Mtumwa hamfukuzi bwana wake." Akasogea kwenye tangi, akamtazama chewa, akapiga mluzi. "Ala! Kumbe ndiye huyu? Mihayo, hivi wewe una akili? Mtoto mzuri vile unakwenda kumweka ndani ya kitoweo! Sisi tukimwona chewa wa namna hii tunauliza moja tu, nazi iko wapi. Lete mbuzi nikune. Mama Nshoma, washa jiko!"

Mihayo aliinuka, madaftari yakamwagika. Nimeishi naye miaka mingi na sijawahi kumwona amekunja ngumi. Chaurembo hakurudi nyuma. Akaanza kutembea kwa madaha, kiuno amekishika, kidevu juu, na ule ulikuwa mwendo wa Nshoma akitumwa dukani asipotaka. Alimwiga sawasawa. Aliiga hata alivyokuwa anavuta kamasi.

"Mimi siokoti pini," akasema kwa sauti nyembamba, kama Nshoma alivyomjibu kibandani kila alipoombwa aokote pini. "Mimi nitakuwa bosi. Okota mwenyewe, Mzaramo wewe!"

Na kipaza sauti kikajibu, "Mzaramo wewe, rudi kwenu ukale muhogo!"

Mihayo akacheka.

Kilimtoka ghafla, kicheko kikubwa cha tumboni. Na mimi nikacheka. Chaurembo alitupa kikaango chini akapiga magoti mbele ya kioo, anapiga mapaja yake, anasema mmemsikia, mmemsikia mtumwa wangu anavyonitukana, na tulicheka wote watatu mpaka Mihayo akashika ukuta.

"Mama," sauti ikasema. "Inauma. Nigeuze."

Kicheko cha Mihayo kilikatika. Aliniangalia mimi, akamwangalia Chaurembo na khanga yake, nikaona kwenye uso wake amejua tulikokuwa. Hakuna mahali pengine ambapo mtu mzima anavaa kofia ya mtoto aliyekufa na wazazi wakacheka. Alikuwa msibani. Alikuwa amecheka msibani kama wafiwa wote wanavyocheka, na baada ya hapo huwezi tena kusema hakuna msiba.

Chaurembo alivua ile kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Mihayo," akasema, sasa bila utani wowote. "Umemchelewesha mtoto."

Mihayo alilia. Hakuwa amelia hospitalini wala makaburini. Alilia akiwa ameinama juu ya madaftari ya watoto wa watu, kwa sauti mbaya, na mimi sikumbembeleza kwa sababu nami nilikuwa nalia. Alipoweza kusema, aliuelekea ule upande wa tangi ulio na kipaza sauti. Kanuni inataka mzazi atamke.

"Mimi, Mihayo, baba yake," akasema. "Nimekubali."

*

Tulimlaza chewa mchana ule ule, kabla yeyote kati yetu hajabadili mawazo. Sauti ilififia ikisema jambo la viatu ambalo sikulishika. Nilikata nyama yote iliyooza, nikasambaza Chipua kwenye kingo kwa sindano fupi fupi. Dawa huanza na kilicho kigeni. Nilijua kwamba samaki akizinduka, mbegu itakuwa na muda mfupi sana.

Samaki mkubwa akitoka usingizini huwezi kumwachia tu majini. Hana nguvu ya kuvuta maji mwenyewe, atazama afe. Lazima mtu aingie naye, amlaze juu ya mikono yake miwili, amtembeze kwenda mbele polepole, ili maji yaingie mdomoni na kupita kwenye matamvua mpaka akumbuke kupumua. Kazi hiyo ni ya wahudumu. Mihayo aliwauliza kama anaweza kuifanya yeye. Hajui kuogelea, lakini maji ya tangi la matibabu yanafika kifuani tu. Alivua saa na viatu, akaingia na tai yake.

Nilimwekea mikono vizuri, mmoja chini ya kifua cha samaki, mmoja chini ya tumbo. "Usimrudishe nyuma," nikamwambia. "Mbele tu, hata ukizunguka." Akaanza kutembea. Chewa alikuwa amelegea mikononi mwake, mapezi yananing'inia, kidonda kimefungwa kwa gundi nyeupe. Wakazunguka tangi. Chaurembo alikuwa amekaa sakafuni, kikaango mapajani.

Kipaza sauti cha tangi lile kilikwaruza.

"Baba."

Mihayo alisita. Nikamwambia atembee.

"Naam, mwanangu."

"Baba, nibebe."

Hakusema inauma. Nilingoja aseme, na hakusema. Mihayo alishusha kichwa mpaka kidevu kikagusa maji.

"Nimekubeba, mama. Si unaona nimekubeba?"

"Nibebe."

"Nimekubeba. Huanguki."

Walizunguka. Alilirudia neno lile tena na tena, mara likiwa zima, mara nusu, na kila mara baba yake alimjibu kwa ukamilifu kana kwamba ndiyo kwanza ameulizwa. Kisha ikabaki silabi ya mwisho peke yake, be, be, kama mtoto mchanga. Kisha kipaza sauti kikawa kinatoa mvumo wa pampu tu. Mihayo aliendelea kujibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa, nikamwacha amalize mzunguko, na mwingine.

Mdomo wa chewa ulifunguka wenyewe, ukafunga, ukafunguka. Mkia ukapiga mara moja. Akateleza kutoka mikononi mwa Mihayo, akaenda upande wa pili wa tangi akiyumba kidogo, akanyooka. Alikuwa samaki tu. Alikuwa mzuri sana, na angepona.

Nilimwita mume wangu atoke kwenye maji. Hakutoka. Alikuwa amesimama katikati ya tangi, tai inaelea mbele yake, mikono yake miwili bado ameilaza chini ya maji kama alivyokuwa ameilaza mwanzo.

"Mama Nshoma," akaniita. "Umemsikia? Ameniambia nimbebe."

"Nimemsikia."

"Sasa," akasema, "namweka wapi?"